Aliyefika Kwanza Akaandikwa Mwisho

Ni nani huyo anayefika kazini kabla ya wenzake thelathini na mmoja, halafu kila siku ya Mungu anaandikwa kuwa amechelewa kuliko wote? Wa kusema ni kivuli, asiseme. Wa kusema ni mkia, naye atulie. Jibu lake lilikuwa na miguu miwili, kitambaa kichwani na masizi mikononi, na liliitwa Mama Mvuke. Mwenyewe aliishi ndani ya kitendawili hicho miaka kumi na moja bila kujua kuwa ni kitendawili. Alidhani ni kazi tu.

Kiwanda kilikuwa cha kufua nguo za hospitali. Mashuka, foronya, makoti ya madaktari, vitambaa vya kijani vya chumba cha upasuaji, vyote viliingia vichafu kwa mlango mmoja na kutoka vimekunjwa kwa mlango mwingine. Mashine za kufua zilikuwa sita, pasi kubwa za kuviringisha mbili, na chumba cha kukaushia kimoja, na zote hizo zilinyonya titi moja, nalo ni boila. Mvuke ukiwapo, kiwanda kinanguruma. Mvuke usipokuwapo, ni banda la mabati lenye watu ndani.

Sasa boila si birika, useme unaliinjika na baada ya dakika tano linapiga mluzi. Lile la Mama Mvuke lilikuwa la kuni, kuukuu, zito, na lilitaka saa mbili nzima lichemke. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi, wengine wakiwa bado wanageuka upande wa pili kitandani, yeye alikuwa ameshafungua lango dogo la nyuma kwa ufunguo wake, amezoa majivu ya jana, ametazama maji kwenye kioo chake, amepanga magogo na kuwasha. Saa nzima ya kwanza boila hununa tu. Ikifika saa moja na nusu, mshale wa geji huanza kupanda, na hapo ndipo haliachwi. Kuni zikizidi, balaa. Maji yakipungua, balaa kubwa zaidi. Juu ya kichwa cha Mama Mvuke palitundikwa bango: BOILA LINALOPANDA HALIACHWI PEKE YAKE.

Ng'ambo ya ua, katika ofisi ya karani, palitundikwa bango jingine: KILA MFANYAKAZI ATASAINI KWA MKONO WAKE KABLA YA SAA MBILI KAMILI. Daftari la mahudhurio lilitolewa kwenye saraka saa moja na nusu. Saa mbili kamili, karani alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari. Aliyesaini juu ya mstari amewahi, wa chini amechelewa, na hakuna wa katikati.

Mabango yale mawili yalitundikwa siku moja, na mtu mmoja, kwa misumari iliyotoka katika pakiti moja. Lakini hakuna aliyewahi kuyasoma yote mawili asubuhi moja, maana nusu saa ile ile iliyosema njoo usaini ndiyo iliyosema usitoke hapo.

Basi ikawa desturi. Saa mbili, Mama Mvuke anafungua koki, mvuke unakimbia kwenye mabomba, mashine zinaanza kukohoa. Ananawa masizi, anavuka ua, anaingia ofisini akijifuta kwa upindo wa kanga.

"Za asubuhi, Bwana Kamili."

"Nzuri, Mama Mvuke." Karani anainua macho kuitazama saa ya ukutani, si kumtazama mtu. "Saa mbili na dakika kumi na mbili. Chini ya mstari, tafadhali."

"Chini ya mstari nimepazoea, baba. Pana kivuli."

"Mimi sikuonei. Saa ndiyo inayosema, mimi ni mkono tu."

"Na mimi ni moto tu. Haya, kazi njema."

Huyo ndiye Bwana Kamili. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Watu walimwita hivyo kwa sababu kwake hakukuwa na saa mbili kavu. Ilikuwa saa mbili kamili. Alikuwa na miaka ishirini na sita pale bila kuchelewa hata dakika moja. Aliingia lango la mbele saa moja na dakika ishirini na tano, shati limechomekwa, nywele zimechanwa mstari ulionyooka kama ule wa rula yake. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja mkewe alijifungua alfajiri, naye akafika kazini kwa wakati, akasaini, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto.

Na hao wa juu ya mstari, je, walikuwa wakifanya nini? Walisaini saa mbili kasorobo, kwa mwandiko mzuri, wakaenda kukaa. Bila mvuke wangefanya nini? Wanawake wa mashine walisukana nywele. Fundi wa pasi, bwana mrefu waliyemwita Mkunjo, alipanda juu ya mafurushi ya mashuka na kulala usingizi wa haki, wa mtu aliyewahi kazini. Wote walimsubiri mchelewaji awaletee mvuke.

Mameneja waliopita walilijua hilo na kulicheka. Kisha akaja meneja mpya.

Meneja mpya alikuwa mtu safi, mwenye vyeti vitatu ukutani kabla hata hajajua choo kiko wapi. Yeye mwenyewe alifika saa tatu na nusu, wakati mwingine saa nne, na hakusaini popote, kwa sababu meneja hachelewi; meneja hucheleweshwa. Wiki ya kwanza aliomba madaftari yote ya mahudhurio, akajifungia nayo. Akahesabu waliosaini chini ya mistari. Wiki ya pili akatangaza kikao cha wafanyakazi wote kuhusu umuhimu wa kufika kazini kwa wakati. Kikao kilitangazwa kuwa cha saa nane. Kilianza saa tisa kasorobo, alipowasili.

"Wakati," alisema meneja, "ni mali. Ukichelewa dakika kumi, umeiba dakika kumi." Akafungua karatasi. "Katika kiwanda hiki kuna mtu mmoja ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi, nasema hajawahi hata siku moja, kufika kwa wakati."

Watu wakatazamana. Wengine walikuwa wanajikagua moyoni.

"Mhudumu wa boila."

Kicheko kilichopasuka pale kilikuwa cha watu walioonjeshwa utani mtamu. Mkunjo alipiga makofi kabisa. Kisha wakauona uso wa meneja, na kicheko kikarudi ndani kimoja kimoja, kama kuku wakiona mwewe.

"Bosi," Mkunjo akasema, "huyo mama ndiye anayetuwashia…"

"Sitaki maelezo. Nataka muda."

Mama Mvuke akasimama. Hakuwa mwoga wa kusema. Mtu anayegombana na boila kila asubuhi hamwogopi mwenye tai. "Mwanangu, mimi naingia humu saa kumi na mbili."

"Kuna mahali ulisaini saa kumi na mbili?"

"Daftari linakuwa limefungiwa."

"Kwa hiyo hukusaini."

"Sikusaini, lakini nilikuwepo."

"Mama," alisema meneja kwa upole wa mtu aliyesoma, "kama hukusaini, hukuwepo."

Wote wakamgeukia Bwana Kamili. Yeye ndiye mwenye daftari. Neno lake lingetosha. Bwana Kamili akakohoa, akarekebisha tai. "Daftari," akasema, "liko sahihi." Na kwa kweli lilikuwa sahihi. Halikuwa na uongo hata tone. Kweli tu ndiyo haikuwemo.

Barua ya onyo la mwisho ikatoka siku ile ile, ina muhuri wa zambarau: kuanzia kesho, mhudumu wa boila asaini kabla ya saa mbili kamili kama wenzake, akionekana chini ya mstari mwekundu mara moja tu, ajihesabu hana kazi.

Nyumbani barua ilisomwa kwa sauti mezani, jua likiwa halijazama. Msomaji alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye alikuja kukaa wiki mbili na huu ulikuwa mwaka wa nne.

"Ngoja niirudie," alisema wifi, "labda macho yangu. 'Tabia sugu ya uchelewaji.' Wewe! Wewe unayetuamsha na ndoo gizagiza kama mwizi wa maji! Wifi, au unaondoka hapa unapitia kwingine?"

"Napitia kwa bwana wangu wa pili. Mweusi, mnene, na anatoa moshi."

"Ndiyo maana nguo zako zinanuka moshi! Kaka, umesikia?"

Mumewe alikuwa fundi cherehani hadi nyonga ilipomwachisha pedali. Siku hizi alipiga vifungo kwa mkono, polepole, na nyumba ilisimama kwa boila la mkewe. Binti yao alikuwa amebakiza miezi minane amalize chuo cha uuguzi. Hayo hayakusemwa mezani. Yalikaa tu katikati yao kama bakuli ambalo hakuna anayetaka kulifunua.

"Barua imeandikwa kwa Kiswahili?" aliuliza mumewe.

"Kwa Kiswahili."

"Inasema uwahi boila au uwahi daftari?"

"Daftari."

Akakata uzi kwa meno. "Basi mke wangu, fuata barua. Usipunguze, usiongeze. Mwenye nyumba akisema dirisha ndilo mlango, wewe kunja nguo upite dirishani. Watakaokuona watamuuliza yeye."

Mama Mvuke hakupenda. Kuliacha boila lilale baridi lilikuwa kama kumwacha mtoto na nepi mbichi. Lakini barua ni barua.

Kesho yake akalala mpaka jua likamgusa usoni, jambo ambalo kwa siku ya kazi alikuwa amelisahau. Akaoga bila haraka. Saa moja na dakika thelathini na tano alipita lango la mbele, na mlinzi wa mchana akamzuia.

"Mgeni wa nani, mama?"

"Mgeni wa boila."

"Ala! Mama Mvuke! Sijawahi kukuona ukiingia. Mimi nilidhani unaishi humu."

Alisaini namba nne. Bwana Kamili aliitazama saini ile, akamtazama yeye, akanyoosha mkono kumpa hongera, na alimaanisha. "Unaona? Kumbe inawezekana."

"Inawezekana, baba."

Saa mbili kamili akapiga mstari mwekundu, na chini yake hakukuwa na mtu. Watu thelathini na wawili, wote juu. Katika miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kuona ukurasa wa namna ile. Aliupuliza wino ukauke, akautazama kama mkunga anavyotazama mtoto aliyetoka mzima.

Huko kiwandani nako kulikuwa kimya kama msikitini. Mama Mvuke alikuwa amefika kwenye boila saa mbili kasorobo, akazoa majivu taratibu, akawasha. Saa mbili na nusu wanawake wa mashine walikuwa wamemaliza kusukana na wameanza kufumuana. Mkunjo aliamka mwenyewe bila kuamshwa na mvuke, akaweka kiganja kwenye pasi, akakiacha hapo hapo, baridi.

Saa tatu likaja gari la hospitali. Dereva wake alikuwa mtu mwenye sauti ya kuuza samaki.

"Mashuka yangu yako wapi?"

"Yamelowekwa," akajibiwa.

"Na vitambaa vya upasuaji? Daktari amesimama kule na mikono juu amekwisha kunawa, anasubiri nini, mvua?"

"Ndugu dereva," alisema Mkunjo, "usipige kelele. Leo hapa hakuna aliyechelewa. Kamuulize karani, ana ushahidi."

"Sasa kama hakuna aliyechelewa, mbona hakuna kilichofanyika?"

"Hapo sasa umeuliza swali la watu wakubwa."

Watu wakamiminika uani, na dereva akapanda juu ya ngazi ya gari lake akawa kama anahutubia. Meneja alipofika saa tatu na nusu alikuta umati, akadhani amepokewa. Akaongozwa mpaka chumba cha boila. Mama Mvuke alikuwa ameketi mbele ya mlango wa moto, mikono mapajani, nguo yake safi ya kuja kazini kwa wakati.

"Mvuke uko wapi?"

"Uko njiani, mwanangu. Mimi nimewahi. Wenyewe ndio umechelewa."

"Mwandikie barua, bosi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na sauti ilifanana sana na ya Mkunjo.

Mvuke ulifika saa nne kasorobo. Gari la hospitali liliondoka saa saba. Kabla ya hapo simu ya meneja ilikuwa imelia mara tisa, na ile ya mwisho aliiitikia akiwa amesimama wima, peke yake chumbani.

Mtu mwingine pale angeichana barua. Lakini barua ikishapigwa muhuri ni kama mate yaliyotemwa. Aliyeyatema hawezi kuyarudisha mbele za watu. Meneja alikaa saa nzima na vyeti vyake, akatoka na waraka. Mhudumu wa boila atafika saa kumi na mbili. Atasaini saa kumi na mbili, na mstari wake mwekundu utapigwa saa kumi na mbili kamili. Onyo lake linabaki pale pale: mstari mmoja tu, kazi basi. Na kwa kuwa kanuni hairuhusu daftari kukaa mikononi mwa yule yule anayesaini, karani naye atafika saa kumi na mbili kulifungua, na atasaini pamoja naye.

Bwana Kamili aliusoma waraka akiwa amesimama. Akaketi. Akausoma tena.

"Mimi, bosi?"

"Nani mwingine? Wewe ndiye mfano wetu."

Asubuhi iliyofuata Mama Mvuke alikuwa kwenye boila saa kumi na mbili kasorobo. Akazoa majivu, akatazama maji, akawasha. Moto uliposhika akavuka ua. Saa ile ya kwanza boila bado linanuna, ruhusa kuliacha. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kupitia kioo cha dirisha aliiona saa ya ukutani: kumi na mbili kasoro dakika mbili.

Akasimama. Mshale ukapita kumi na mbili. Ukapita na tano. Akarudi kuongeza gogo, akakimbia tena mpaka dirishani: na kumi na tano. Ua ulikuwa mtupu, ndege tu juu ya bati. Miaka kumi na moja aliandikwa mchelewaji kwa sababu ya moto. Leo angefukuzwa kazi kwa sababu ya mtu asiyechelewa. Akamfikiria binti yake na miezi yake minane. Akamfikiria mumewe na vifungo vyake. Akaanza kupanga maneno ya kumwambia wifi, kwa kuwa wifi ndiye angeuliza kwanza.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nne, lango la mbele likagongwa kama panaungua. Akaingia mtu anakimbia. Shati nje, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, kiatu kimoja hakijafungwa, na kichwani nywele zimesimama kila moja na mwelekeo wake. Mama Mvuke alichelewa kidogo kumtambua.

"Bwana Kamili?"

"Usiseme kitu." Funguo zilimdondoka mara mbili. "Mke wangu alitega saa. Ikalia saa kumi na moja. Nikaiangalia. Mimi sijawahi kuamshwa na saa, mama, mimi naamka tu. Nikasema, hii imeharibika. Nikaizima, nikalala."

Mtu aliyeziamini saa kuliko ndugu zake, siku moja tu saa ilipobishana naye, akasema mbovu ni saa.

Wakaingia. Akalitoa daftari, akafungua ukurasa mpya, akashika kalamu. Akainua macho kuitazama saa ya ukutani, kwa mazoea. Kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Kalamu ikabaki hewani.

"Nikiandika inavyosema," alisema polepole, "wote wawili tuko chini."

"Ndiyo."

"Mimi nitapata barua. Wewe…"

"Mimi nina barua tayari. Inasubiri tarehe tu."

Mama Mvuke hakumwomba. Alikuwa ameomba kwa maneno miaka iliyopita, na maneno yalipigiwa mstari. Akasimama tu mbele ya meza.

Ndipo Bwana Kamili akayaondoa macho yake ukutani, akamtazama usoni, akauliza swali ambalo katika miaka kumi na moja hakuwahi kuliuliza.

"Wewe ulifika saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasorobo."

"Nani alikuona?"

"Moto."

Mwingine angecheka. Bwana Kamili aliweka kalamu chini, akasema, "Nipeleke." Wakavuka ua pamoja. Alikuwa hajawahi kuingia chumba cha boila. Mvuke kwake ulikuwa kitu kinachotoka kwenye bomba. Akaona majivu yamekwisha kuzolewa na kumwagwa. Akaona magogo ya chini yamekuwa makaa mekundu, na makaa hayadanganyi umri wao. Akaweka kiganja karibu na tumbo la boila, akakiondoa haraka. Kisha akaliona bango juu ya mlango wa moto, akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili: "Boila… linalopanda… haliachwi… peke yake." Akageuka. "Linaanza kupanda saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Mpaka?"

"Mpaka saa mbili."

Bwana Kamili alisimama pale mpaka joto likamtoa jasho. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, na kwa mtu wa hesabu kilichukua muda mrefu.

Waliporudi ofisini hakuketi. Akaandika jina la Mama Mvuke, lile la kitambulisho, na mbele yake akaandika saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Akamgeuzia daftari, naye akasaini. Akachukua rula, akapiga mstari mwekundu, umenyooka. Chini yake akaandika jina lake mwenyewe, na mbele yake saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane, kama saa ya ukutani ilivyosema wakati ule.

"Bwana Kamili," Mama Mvuke akasema, "wewe ungejiweka juu. Nani angejua?"

"Wewe ulikuwepo," alisema karani, akafunga daftari.

Saa tatu na nusu alifika meneja, akasoma ukurasa wa kwanza wa utaratibu wake mpya, akafurahi kuwa unafanya kazi: mhudumu wa boila juu, na mchelewaji amekwisha kukamatwa. Sheria ni msumeno, akasema, na akaagiza barua. Lakini barua zote za kiwanda kile ziliandikwa na karani. Kwa hiyo Bwana Kamili aliketi, akajiandikia onyo la kwanza bila kosa hata moja la herufi, akalipeleka likasainiwa, akalirudisha akalipiga muhuri wa zambarau, akajikabidhi, na katika daftari la kupokelea barua akasaini kuwa ameipokea, saa nne kamili. Nakala akaiweka kwenye faili lake.

Mvuke ulikuwa umeshatoka tangu saa mbili. Mashine zilinguruma, Mkunjo alikuwa anapiga pasi huku akiimba, na lile gari la hospitali lilikuwa limekuja na kuondoka bila dereva kupata nafasi ya kutukana. Mama Mvuke alikuwa anaongeza kuni alipomwona karani anavuka ua, barua mfukoni mwa shati, nywele bado hazijaambiwa kitu.

"Inasemaje?"

Bwana Kamili akaitoa, akaikunjua. "Inasema uchelewaji ni wizi. Inasema nirekebishe mwenendo wangu." Akasita. "Inasema nijifunze kwa wenzangu wanaofika kwa wakati."

"Kina nani hao?"

"Ametaja mmoja tu," alisema Bwana Kamili. "Wewe."

Mama Mvuke alicheka mpaka akajishika ubavu, akajifuta macho kwa mkono wenye masizi na kuacha alama mbili nyeusi mashavuni. Kisha akatazama geji, akatazama maji kwenye kioo, na akavuta gogo moja nene lisilo na mafundo, akalisogeza karibu na mlango wa moto.

"Haya, mwanafunzi," akasema. "Kaa hapa. Tunaanza na majivu."